Nani Aliyemfunga Shangazi?

Kwetu Kibiti, na zaidi huko chini deltani, mwanamke aliyewahi kushika mimba ikaharibika, halafu asishike nyingine, ana jina lake. Haitwi mgonjwa. Watu wanasema kafungwa. Ukilitamka neno hilo, ndugu msomaji, umeshasema mambo mawili kwa mpigo: kwamba kuna mlango uliofungwa ndani ya mwili wa mtu, na kwamba kuna mkono ulioufunga. Mlango hakuna anayeuona. Mkono unatafutwa siku hiyohiyo. Atatajwa mke mwenza, atatajwa mama mkwe, atatajwa jirani aliyekuja kuomba pishi ya mchele akanyimwa.

Shangazi yangu, dada yake baba tumbo moja, alifungwa mwaka 1995. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Nimekua nikiijua habari hiyo kama ninavyoijua njia ya kisimani, yaani bila kuiuliza. Nilipomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani bila kazi, ndipo nikaanza kuuliza. Kwanza nilitaka kuandika riwaya. Kisha nikaona aibu kutunga kitu ambacho sikijui. Riwaya bado. Haya hapa ni yale niliyoyapata njiani, na mengi yake ni historia ya watu ambao hata mto Rufiji hawakuwahi kuuona.

Anayetaka kusoma historia ya Rufiji atapewa meli. Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilijificha katika mikono ya mto huu mwaka 1914, katikati ya mikoko, na Waingereza wakaishambulia mpaka ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Vitabu juu ya meli hiyo ni vingi. Msomaji atapewa pia Maji Maji, maana Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, Agosti 1905. Hayo ni mambo makubwa, sikatai. Lakini nilitafuta wanawake wa delta katika kurasa hizo nikawa kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mchangani usiku.

Mpaka nikakutana na sentensi moja. Imo katika kitabu cha John Iliffe cha historia ya Tanganyika, kilichotoka 1979. Anaeleza kwamba zaidi ya miaka thelathini baada ya Maji Maji, utafiti uliofanywa Ulanga ulionyesha kuwa njaa iliyofuata vita ile ilipunguza uzazi wa wanawake waliosalimika kwa zaidi ya asilimia 25. Ulanga ni juu ya mto wetu. Maji ya Kilombero ndiyo yanayoshuka mpaka huku. Waliofanya hesabu hiyo walikuwa Bwana Culwick, ofisa wa serikali ya Kiingereza, na mkewe, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kabla yao, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyeitwa Otto Peiper alichapisha mwaka 1920 kitabu kizima juu ya kuzaa na vifo vya watoto wachanga katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kumbe walikuwa wanatuhesabu! Wakati sisi tunahesabu meli, wao walihesabu matumbo.

Walihesabu kwa sababu zao, bila shaka. Mkoloni alihitaji wapagazi, wakata boriti za mikoko, walima pamba, walipa kodi. Tumbo lisilozaa lilikuwa hasara ya hazina. Na dawa iliyokuja na Waingereza miaka ya 1920 ilikuwa sindano ya buba, ambayo watu waliipenda sana kwa kuwa waliona vidonda vikikauka mbele ya macho yao. Bibi yangu mpaka leo haamini matibabu yasiyo na sindano. Ukimpa vidonge anaona umemdharau. Lakini kwa mlango uliofungwa ndani, sindano haifui dafu.

Mlango wenyewe ulikuwa umeshaandikwa Ulaya zamani. Mwaka 1894 daktari Mjerumani, Heinrich Fritsch, alieleza habari za mwanamke aliyekwanguliwa kizazi baada ya kujifungua, naye tangu hapo hakuona tena siku zake. Kizazi kilikuwa kimegandana. Habari ile ikalala. Mwaka 1948 Joseph Asherman, mzaliwa wa Bohemia aliyehamia Palestina na kufanya kazi Tel Aviv, akaandika juu ya wanawake 29 waliopatwa na mambo ya namna hiyo, na mwaka 1950 akaandika tena, safari hii akionyesha kwa picha za eksirei jinsi kuta za kizazi zinavyoshikana kwa makovu. Tangu hapo ugonjwa ukabeba jina lake. Nimefikiri sana juu ya wale wanawake 29. Majina yao hayapo. Jina lililobaki ni la daktari.

Nieleze jinsi inavyokuwa, kwa kadiri nilivyoelezwa na kusoma, maana mimi si tabibu. Mji wa mimba wa mwanamke asiye na mimba si tundu lililo wazi kama chungu. Ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma vinalaliana kama viganja viwili vya mtu anayeomba maji. Ndani umetandikwa utando wa tabaka mbili. Tabaka la juu humwagika kila mwezi, ndiyo damu ya hedhi. La chini halimwagiki. Lenyewe ni shina, nalo huotesha la juu upya. Mkulima wa mpunga ataelewa mara moja. Ukikata suke na kuacha shina, mvua ikinyesha linachipua. Uking'oa na mizizi yake, umebakiwa na udongo.

Sasa mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa na kondo la nyuma likabaki, kizazi huwa laini na kilichojeruhika. Akija mtu na kijiko cha chuma chenye makali akakwangua kwa nguvu, na hasa ikiwa kuna uchafu ulioanza kuoza, anaweza kuondoka na shina. Kuta mbili zenye kidonda zinabaki zimelaliana. Vidole viwili vilivyoungua ukivifunga kwa kitambaa kimoja, vikipona vitakuwa kidole kimoja. Hivyo ndivyo kizazi kinavyoshikana. Mara nyingine ni uzi mwembamba hapa na pale. Mara nyingine ni kizazi kizima, au ni mlango wake tu wa chini. Mwanamke hupata damu kidogo mno kuliko zamani, au hapati kabisa, ijapokuwa mayai yake yanaendelea kupevuka kama kawaida. Kila mwezi matiti yanajaa, kiuno kinauma, anaandaa vitambaa vyake. Vitambaa vinabaki vyeupe. Na kama damu ipo lakini imezuiwa kutoka, maumivu yake ndiyo yale yanayomfanya mtu ang'ate kanga.

Kijiko kile kilibuniwa na Mfaransa, Récamier, katika miaka ya 1840. Sikusudii kukilaani, kama itakavyoonekana.

Turudi deltani, 1995. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na moja, ameolewa huko chini. Mwezi wa nne walikuwa shamba, wamelala kwenye dungu kulinda mpunga na nguruwe. Mimba ya miezi mitano ikatoka usiku. Kiumbe kilitoka, zalio halikutoka. Mkunga wa kijiji alifanya alichokijua: akamkanda tumbo, akampa chupa tupu aipulize kwa nguvu, eti ukipuliza zalio litasukumwa. Halikusukumwa. Siku ya pili akashikwa na homa. Siku ya tatu wakamlaza kwenye mtumbwi, na hapo msomaji asiyeijua delta lazima aambiwe: huko hausafiri utakapo wewe, unasafiri yatakapo maji. Yalikuwa yamekupwa. Mkono wa mto umebaki tope tupu. Wakangoja maji yajae mpaka alasiri, mgonjwa kafunikwa majani ya mgomba kwa ajili ya jua. Kisha likatafutwa lori. Barabara ya Kilwa wakati ule, wakati wa masika, lori lilikuwa likinasa watu wakashuka na kulala palepale. Alifika hospitali siku ya nne, hajitambui, ananuka.

Hospitali hiyo sitaitaja. Swali la kwanza aliloulizwa alipofumbua macho lilikuwa hili: "Umeitoa na nini?" Hakuwa ameitoa. Lakini Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, katika vifungu vyake vya 150 hadi 152, inafanya kutoa mimba kuwa kosa la jinai, kwa anayetoa na kwa anayetolewa. Kwa hiyo kila mwanamke anayevuja damu anaingia mlangoni akiwa nusu mgonjwa na nusu mshitakiwa. Wenzake wengi wanaliogopa swali hilo kuliko kifo, wanabaki nyumbani, na siku zinazopita ndizo zinazoozesha.

Aliyempokea alimkwangua. "Aliniparura kama sufuria iliyoshika ukoko," Shangazi anasema, naye hucheka akilisema hilo, sijui kwa nini. Ganzi haikutosha. Nilipokuwa mdogo nilimchukia mtu yule nisiyemjua sura. Siku hizi simchukii. Uchafu ule ungelala ndani siku moja zaidi, sisi tungekuwa na kaburi la kupalilia, basi. Pampu ya kunyonya hakuwa nayo. Alikuwa na kijiko, taa hafifu, na foleni ya wagonjwa nje. Ninalomlaumu ni dogo. Alimwambia: "Umesafishwa, nenda." Hakumwambia: usipoona siku zako, rudi.

Hakuziona. Miezi mitatu watu walidhani ana mimba tena, wakafurahi. Halafu ikaanza safari ya dawa. Dawa za chango kwanza, mizizi iliyochemshwa kwenye chungu mpaka maji yakawa meusi, kutwa mara tatu. Chango kwetu ndilo jina la kila kinachomwuma mwanamke chini ya kitovu. Akapungwa. Akafukizwa. Mganga mmoja, aliyelipwa mbuzi, akatazama akasema mfungaji yumo ndani ya boma: ni mke wa shemeji yake. Yule mwanamke alikuwa ndiye msusi wake. Walikuwa wakikaa jioni mmoja kichwa kimelala mapajani mwa mwingine. Tangu siku ile hawakusemeshana. Wakapishana kisimani kama watu wasiojuana, miaka, mpaka mwenzake akafariki dunia 2009 bila ya kusameheana. Mwaka 1999 mume akaoa mke wa pili. Mwaka 2001 akampa Shangazi talaka yake, kwa heshima tu, bila matusi, akarudi Kibiti kwa kaka yake.

Ningependa kusimama hapa kidogo nijibu swali ambalo msomaji wa mjini atakuwa nalo mdomoni. Kwa nini hakwenda kwa daktari muda wote huo? Alikwenda. Alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Zahanati zenyewe ni tunda la miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, na si kitu cha kubeza, maana kabla ya hapo vijiji vingi havikuwa na hata hizo. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda sehemu za juu baada ya mafuriko, Operesheni Rufiji, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya shule na tiba. Wa delta wengi wakabaki na mto wao. Mwaka 1977 tiba ya binafsi ya kutafuta faida ikapigwa marufuku. Ikaruhusiwa tena 1991. Mwaka 1993 ikaja kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Kwa hiyo Shangazi aliugua katika kipindi cha ajabu: cha bure kimekwisha, cha kulipia kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 130, na kujua kwamba ugonjwa wake una jina kuko mbali kuliko zote mbili. Zahanati haiwezi kuona ndani ya kizazi. Mpaka leo haiwezi.

Niseme pia, nisije nikapotosha mtu: si kila asiyezaa ana makovu haya. Wengi zaidi katika nchi zetu wameziba mirija ya uzazi kwa maambukizo, kisonono na wenzake, na mara nyingi kasoro iko kwa mwanamume ambaye hata hapimwi, anaoa wa pili na wa tatu, wote "wanafungwa". Kichocho cha mkojo, ambacho walima mpunga wa Rufiji wanakijua kwa damu, nacho hudhuru njia ya uzazi. Kifua kikuu chaweza kushuka kikaharibu mirija na kizazi, na chenyewe kinaacha makovu ya kushikana kuliko hata ya kijiko. Dalili ya kuitazama ni hii: damu iliyokata au kupungua sana tangu siku ile ya kusafishwa.

Basi, tuje kwenye kufungua.

Kwa muda mrefu madaktari walifungua wakiwa vipofu. Waliingiza chuma kupitia njia ya uzazi wakapapasa, wakitegemea mkono uhisi palipogandana. Au walipasua tumbo, wakapasua na kizazi chenyewe, wakatenganisha, wakashona. Kovu linaondolewa kwa kuweka kovu jingine. Kilichokosekana kilikuwa jicho. Na jicho nalo lina hadithi ndefu. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Frankfurt alitengeneza chombo cha mshumaa na vioo cha kuchungulia ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Mwaka 1869 daktari aliyeitwa Pantaleoni alimchungulia mama wa miaka sitini aliyekuwa akitoka damu, akaona kinyama kimeota ndani ya kizazi, akakichoma kwa dawa. Hiyo ndiyo histeroskopi ya kwanza inayotajwa. Baada yake karibu miaka mia ilipita kwa kusuasua: mwanga ulikuwa hafifu, damu inaziba kioo, kizazi kinakataa kufunguka. Mpaka zilipokuja nyuzi za kioo za kupitisha mwanga na lenzi nzuri zaidi. Miaka ya 1970 kule Marekani, watu kama Robert Neuwirth, na baadaye Charles March na Robert Israel, wakaanza kukata makovu haya huku wakiyatazama kwa macho. Mapasuo hakuna. Mlango unaoingilia ni uleule aliouweka Mungu.

Shangazi aliupata mwaka 2012. Alikuwa Mbagala wakati huo, anauza vitumbua asubuhi, na mmoja wa wateja wake alikuwa muuguzi. Maongezi ya vitumbua yakafika kwenye watoto, na kutoka kwenye watoto yakafika 1995. Muuguzi akaacha kutafuna. "Dada, hujaona siku zako tangu usafishwe? Na hakuna aliyekupiga picha?" Akampeleka mwenyewe. Fedha alitoa baba, kwa kuuza shamba la korosho alilorithi. Ndugu wengine waliona ni wazimu kumtibia uzazi mtu wa miaka thelathini na minane.

Kwanza picha. Wanaingiza dawa maalumu ndani ya kizazi, kisha wanapiga eksirei. Kizazi kizima huonekana kama pembe tatu nyeupe, na mirija miwili myembamba kama pembe za mbuzi. Picha ya Shangazi ipo, nimeishika mkononi. Haina pembe tatu. Ina vijito vyeupe vilivyochepuka huku na huko na visiwa vyeusi katikati, na upande mmoja hakuna kitu. Mtu wa kwetu akiiona atadhani ni ramani ya delta, kutoka Nyamisati hadi Mohoro.

Kisha upasuaji. Alilazwa usingizi. Kifaa ni chembamba kama penseli, kina kamera, na kupitia humo yanapitishwa maji ya chumvi ili kizazi kitanuke na daktari aone. Makasi madogo yanapita ubavuni mwake. Anaanzia chini, karibu na mlango, anapanda kidogo kidogo, akikata yale yaliyo katikati kwanza kisha ya pembeni, maana hatari kubwa ni kupotea njia: akidhani anakata kovu kumbe anakata ukuta, atautoboa. Kwa makovu mepesi kazi huisha upesi. Kwa Shangazi walifanya mara mbili, wakapisha miezi katikati.

Lililomshangaza halikuwa makasi. Alipozinduka aliambiwa kwamba wamemwekea kitanzi. Kitanzi! Kile kile cha uzazi wa mpango, ambacho huko deltani wanawake wanakikimbia kwa kusema kinapanda mpaka moyoni. Anasimulia kwamba alitaka kushuka kitandani. "Daktari, mimi nimekuja kuzaa wewe unanifunga tena?" Daktari akachukua karatasi mbili akazilowesha maji, akazibandika, zikagandana. Akachukua nyingine mbili, akaweka njiti ya kiberiti katikati. Ndiyo kazi ya kitanzi: kukaa kati ya kuta mbili zisilaliane zikiwa bado mbichi. Wengine huweka mpira uliojazwa maji kwa siku chache badala yake. Akapewa na vidonge vya homoni vya kuotesha utando, alichokibakiza yule mtu wa 1995. Baada ya miezi kitanzi kikatolewa.

Mama ananieleza kwamba simu ililia saa nane usiku, wakadhani ni msiba. Ilikuwa Shangazi, analia. Alisema maneno mawili tu: "Wifi, nimeona." Miaka kumi na saba. Mama naye akaanza kulia, baba akaamka akauliza nani kafa, na kwa kuwa ni mwanamume na huyo ni dada yake, hakuna aliyeweza kumjibu.

Mtoto hakuja. Ningekuwa naandika riwaya ningemleta, na jina nimeshampa. Lakini makovu yake yalikuwa ya daraja la juu, na umri ulikuwa umekwenda. Wenye makovu mepesi, waliowahi mapema, wengi hushika mimba. Wenye makovu makali ni wachache zaidi, na makovu huweza kurudi baada ya kukatwa. Hata anayeshika hayuko salama moja kwa moja, kwa sababu kondo la nyuma likiota juu ya kovu huweza kuzama ndani ya ukuta wa kizazi likakataa kutoka, damu ikamwagika kama bomba lililopasuka. Mwanamke wa namna hiyo hazalii kijijini. Anatakiwa awe karibu na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji kabla uchungu haujaanza, si baada.

Na kuwa karibu, kwa mtu wa delta, ndiko kunakosumbua. Mambo yamebadilika, nisiwe mchoyo wa kusema. Daraja la Mkapa, karibu kilometa nzima la zege, lilifunguliwa 2003, na kivuko cha Ndundu kikabaki masimulizi. Barabara ya Kilwa ina lami. Badala ya kijiko cha chuma kuna pampu ya mkono ya plastiki yenye mrija laini, wazo lililotoka kwa Mmarekani Harvey Karman zaidi ya nusu karne iliyopita. Kuna na vidonge vinavyosafisha bila chuma chochote. Mwaka 2012, mwaka uleule Shangazi aliofunguliwa, Shirika la Afya Duniani liliandika katika mwongozo wake kwamba kukwangua kwa kijiko chenye makali ni njia iliyopitwa na wakati, ibadilishwe. Lakini pampu haina faida kwa aliye upande wa pili wa maji. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yale ya Kibiti, bodaboda zilikatazwa kutembea usiku wilayani kwetu, na mimba haziharibiki mchana tu. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na mitumbwi ikapita palipokuwa na njia za miguu. Nilisimama siku moja gatini Nyamisati nikatazama boti inayokwenda Mafia na mashua za kwenda vijijini zikisubiri maji yajae. Yalikupwa vilevile kama 1995.

Mwaka jana Shangazi aliniomba nimsindikize deltani. Alikuwa ameviringisha ile picha ya eksirei ndani ya mfuko wa nailoni, kaubana kwapani. Sikujua tunakwenda kwa nani mpaka tulipofika. Tulikwenda kwa watoto wa yule msusi wake, mke wa shemeji, marehemu. Wapo watatu, watu wazima sasa. Walitupokea vizuri lakini kwa wasiwasi, kwa kuwa habari ya kwamba mama yao ni mchawi wamekua nayo, na binti wa mwisho inasemekana ndiyo iliyomkosesha mchumba. Shangazi hakunywa chai kwanza. Aliomba wafungue dirisha. Akaitoa picha, akaiinua kwenye mwanga, akawaambia: "Huyu hapa ndiye aliyenifunga. Mama yenu hakuwemo."

Kijana mkubwa aliipokea, akaitazama kwa muda, kaishika juu chini. Shangazi akaigeuza mkononi mwake, akaanza kumwonyesha kwa kidole.